Skurubu ya Kushoto

Shairi hili halina mizani, niwieni radhi;
mizani nimezitengeneza miaka arobaini
na bado sijazielewa.

Nilianzia kwa Vrajlal, nyuma ya Marikiti,
kibanda chembamba kama ala ya kisu,
mawe ya shaba rafuni, toka kilo mbili hadi gramu tano,
na harufu ya bizari ikiingia mpaka kwenye mpini wa bisibisi.
Mtu wa mafua yasiyokwisha, mwepesi wa hasira:
alinitukana kwa Kigujarati, akaniomba radhi kwa Kiswahili.

Kila alfajiri aliwamwagia njiwa mtama.
Siku moja wakaruka wote kwa pamoja
mbele ya Mwinga na baiskeli yake ya mikate.
Mikate ikatapakaa, mguu ukavunjika mahali pawili.
Vrajlal akalipa daktari, akalipa plasta, akalipa hata mikate.
Mkewe, Kusumben, akamcheka toka dirishani:
"Si ulikuwa ukichuma thawabu?
Moto haumuulizi mtoto alikusudia nini
kabla ya kumchoma."
Naye akapenga kamasi, akajibu:
"Silipi dhambi. Nalipa mguu."

Mimi nami nilikuwa na langu.
Mbaruku, mwenye duka la nafaka Mwembe Tayari,
alinitilia noti ndani ya kofia.
"Ifunze mizani yangu kusema uwongo kidogo.
Kila kilo ipungue gramu hamsini, basi."
Nikangoja adhuhuri, bwana wangu amelala,
nikaifungua tumbo, nikakaza skurubu ya kushoto
kwa mkono unaotetemeka,
nikaikaza kinyume.

Mwaka mzima Mbaruku aliuza huku akijipunja, asijue.
Wajane wa Majengo, wapika mahamri wa vichochoroni,
walitoka na kunde zilizozidi kiganja.
Wakamwombea Mbaruku, wakaniombea na mimi
waliponiona nikipita na sanduku la vifaa:
"Mungu akuweke, fundi."
Nilitaka kuitikia amina. Koo likakataa.

Nani alitenda wema hapo?
Mbaruku alinuia wizi, akatoa sadaka.
Mimi nilinuia wizi, nikalisha mitaa miwili.
Chuoni nilifunzwa kwamba nia huja mwanzo,
kabla maji hayajagusa kiganja.
Na Vrajlal, alipoifungua ile mizani akaona,
hakunitukana kwa lugha yoyote.
Hilo ndilo lililonitisha.

Akaigeuzageuza skurubu kwenye mwanga wa mlango.
"Karma," alisema, "kwetu maana yake ni tendo tu.
Watu hudhani ni deni, liko daftarini huko juu.
Kunde zimekwenda kwa wenye njaa; hizo si zako tena.
Lakini mkono uliokaza hivi
umejifunza kukaza.
Safari ijayo hautakosea upande."

Kusumben akapinga, kwa sauti, akileta chai:
tumbo lililoshiba limeshiba, mwache kijana wa watu.
Wakabishana mpaka chai ikafanya utando.
Nusu yake sikuielewa.

Nikarudi Mwembe Tayari, nikaisawazisha mizani
gramu kwa gramu, kwa nia safi,
ya kwanza labda maishani mwangu.
Jioni ile mjane mmoja akazipokea kunde zake,
akazipima kwa kiganja, akanitazama.
"Mizani imeingia choyo," akasema.
"Fundi gani huyu, maluuni?"

Noti ya Mbaruku sikuirudisha.
Niliinunulia mtama.
Alfajiri nikawamwagia njiwa, wote,
sijui kwa nia gani,
kisha nikasimama katikati ya barabara
kuangalia kama kuna baiskeli inayokuja.