Kidole cha Bluu

Makopo sita ya rangi ya kupuliza
niliyanunua Birere kwa hela ya Kanyere,
muuzaji akiapa: hii haibanduki, mwalimu,
hata maji yachemke.
Maandishi yalikuwa ya nchi nisiyoijua.
Nikafuata picha: mkono, mshale, shibiri mbili,
jua lililopigwa mkasi.

Mtumbwi ulilala kifudifudi juu ya mawe meusi
nyuma ya nyumba, huku Keshero,
kama ng'ombe aliyegoma.
Siku mbili za msasa.
Chini ya kijani nikakuta nyekundu,
chini ya nyekundu, nyeupe
ya mtu aliyemuuzia aliyeniuzia,
chini kabisa lami, kisha mbao
na harufu ya sambaza wa zamani.

Kanyere akasimama na beseni lake la sabuni:
"Unapamba tumbo? Huko chini
ataona nani, samaki?"
Sikujibu. Nilikuwa natikisa kopo,
gololi ikigonga ndani
kama kengele ya shule iliyomezwa.

Mpulizo wa kwanza ulikuwa mzuri.
Niseme kweli: mzuri mno.
Nikausogelea, nikarudia palepale kwa furaha,
rangi ikaanza kulia, michirizi hadi ukingoni.
Nikapangusa kwa kitambaa. Kosa la pili.
La tatu si langu:
lori lilipita likielekea Sake,
na vumbi la mlima, lile tunalolifagia asubuhi
na kulala nalo usiku,
likatua juu ya rangi mbichi,
likapapenda, likahamia.

Hangi, aliyekuja kuazima pampu, akapitisha kiganja:
"Umepaka rangi, mwalimu, au umekaanga?
Huyu ni sambaza wa kuviringishwa ungani!"
Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Kopo la tano nililipuliza alfajiri,
upepo ukiwa bado umelala ziwani.
La sita likakohoa, likafa,
pamebaki kiganja kimoja karibu na mkuku.

Jumatatu, mbele ya ubao,
kidole changu cha shahada kilikuwa bluu hadi ukuchani,
kimepinda, hakitaki kunyooka.
Mtoto wa dawati la nyuma akauliza:
"Mwalimu, umepiga kura wapi?"
Chaki ikaniponyoka.

Jumamosi tunaushusha, watu wanne na kamba.
Pale palipobaki nimepaka mawese;
sijamwambia mtu.
Ziwa, likitaka kuingia,
linajua pa kubishia hodi.