Gramu Thelathini na Tano

Mwaka wa kwanza nilidhani watatupeleka.
Mwaka wa pili nikaacha kuuliza basi linaondoka lini.
Pesa za safari, alisema Dakta Opolot akifuta ubao,
zimepwa.
Darasa zima likacheka. Mimi nikaandika: kupwa.

Bahari nimeijua kwa kalamu.
Nimechora bamvua, nimechora maji mafu,
nikapata sabini na moja kwa kueleza
maji yanavyoondoka na kurudi mara mbili kwa siku,
mimi mzaliwa wa Katwe, ambako maji yakiondoka
yameondoka,
na yanachoacha tunakipima kwa gunia.

Kwenye rafu ya maabara, ndani ya fomalini,
kuna kiti cha pweza. Pweza hatunaye.
Nakayiza husema ni kama jimboni kwao:
kiti kipo, mheshimiwa haonekani.

Mama aliuliza kwa simu:
Hiyo bahari yenu, chumvi yake debe bei gani?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomula.

Basi muhula huu tumepewa mayai ya uduvi,
makavu kama vumbi la pilipili,
tuwatengenezee bahari ndani ya ndoo:
gramu thelathini na tano kwa kila lita.
Ndoo ya kwanza nikatia chumvi ya duka.
Ya pili nikatia ya nyumbani, ile ya kijivu,
niliyofungiwa kwenye kitambaa cha kanga kuukuu.

Hiyo ina machungu mengine, Dakta akaonya.
Humo hakianguliwi kitu.

Mama husimama humo hadi mapajani
tangu kabla ya dada zangu,
miguu ikichunika, ikipona, ikichunika.
Na bado alizaa mabinti wanne.
Wa nne ndiye Mbambu. Ndiye mimi.

Usiku umeme ukakatika, pampu ikanyamaza.
Nikakoroga kwa mkono, ndoo hii, ndoo ile,
hadi vidole vikakunjamana kama vyake.

Alfajiri nikawasha tochi ya simu.
Ndoo ya kwanza: wengi, sikuwamaliza kuhesabu.
Ndoo ya pili, nilirudia mara tatu:
kumi na mmoja,
wadogo kuliko nukta, wakipanda kwa mikupuo
kuufuata mwanga.

Nikaandika kumi na mmoja. Nikapigia mstari.
Nikampigia Mama.
Simu ikaita, ikaita.
Saa hizo huwa majini.