Chenji ya Sumuni

Kwenye semina wakiniuliza, maikrofoni ikipiga mluzi,
kwa nini niliacha upasuaji nikaja kujibanza Tudor,
chumba cha feni moja, dirisha likitazama karakana ya kuchomelea vyuma,
nawajibu kwa takwimu.
Takwimu ni shuka safi, hufunika kitanda chochote.

Lakini wewe, Ngowa, uliniuliza hapa,
umeshika kitasa cha mlango,
ovaroli ya bandarini begani, pakiti ikichungulia mfukoni:
"Daktari, wewe kinakuuma nini? Mapafu si yangu?"

Basi keti. Feni inatutosha.

Nilikuwa na miaka saba, Majengo, nyumba ya vyumba sita,
na miguu myepesi kuliko watoto wote wa mtaa.
Baba alikuwa mwonja chai, Shimanzi.
Kazi yake kufyonza kijiko kwa kishindo, fyuuu,
kutema, kisha kutamka:
hii imepandwa juu mlimani, hii imelala njiani,
hii gunia lake lilikaa na vitunguu.
Ulimi wake ulijulikana kuliko jina lake.

Jioni huniita: "Mwanakombo! Mbili, kwa Mbaruk!"
Ziliuzwa moja moja, kutoka kopo la maziwa,
nami nilirudi nazo kama niliyebeba mayai.
Chenji ilikuwa yangu.
Sumuni ya mabuyu, wekundu mpaka kwenye kiwiko.
Akivuta mbili nilikula mara moja. Akivuta nne…
Kujumlisha nilijifunza kwa moshi wa babangu.

Kuna siku alisahau kuniita,
nikamwendea mwenyewe, nikamshika kanzu:
"Baba, leo huzitaki?"

Ni hapo, Ngowa. Usipatafute kwingine.

Ramadhani alifunga, tena bila kununa.
Lakini jua likiteremka, utamkuta barazani,
sigara kavu kidoleni, njiti mkononi,
sikio lote liko msikitini.
Adhana ikianza tu, chwa!
Tende zilingoja.
Mama alizifunika kwa kawa, akatazama pembeni.

Halafu mwaka mmoja chai zote zikawa moja.
Alirudi adhuhuri, kikombe chake cha kazini kimeviringwa kwa gazeti.
"Leo nimeonja bakuli thelathini," alimwambia Mama,
"zote maji ya moto."
Mama akaingia jikoni, akamtilia chumvi kwenye chai, kumpima.
Akainywa yote. Akasema ahsante.

Ya wodini sikusimulii. Unayo mashine yako ya kukohoa,
unaijua sauti yake saa tisa usiku.
Nikwambie tu la mwisho:
mimi niko mwaka wa nne wa udaktari, koti jeupe, kalamu mfukoni,
naye akaniita kwa pumzi iliyobaki,
"Mwanakombo. Moja. Kwa Mbaruk."
Mbaruk alishazikwa; kibanda chake wanauza simu.
Nilikwenda.
Nilizunguka mpaka Makupa, nikaipata.

Hakuweza kuiwasha. Aliilaza kifuani
kama mtu aliyeshika barua asiyejua kuisoma.
Kisha akafungua kiganja, akafunga vidole vyangu vyote vitano:
"Chenji kaa nayo."

Ninayo. Imo mtotoni mwa meza hii,
chini ya karatasi za kukuandikia dawa.
Wengine huniita mwenye huruma.
Mdaiwa akilipa, mnamwita mkarimu?

Sikuambii uache milele. Milele ni neno refu,
linamfaa anayehutubia.
Nakuambia mpaka magharibi.
Ikifika, nipigie simu, tutafute mpaka mwingine,
hata kama ni mpaka maji ya chai yachemke.

Ila nijibu moja kabla hujaondoka:
nyumbani kwako, Ngowa, anayetumwa dukani nani?

Hukujibu. Uliutazama mlango,
kana kwamba nje kuna mtu amesimama,
mkono umekunjuliwa,
anangoja chake.