Kishimo

Nyama ya Majengo nimeisaga mara mbili:
tangawizi, majani ya kitunguu, ute wa yai.
Mama mkwe yuko kwenye simu, kofia ya manyoya,
mvuke unamtoka puani.
"Mviringo, Nyemo. Mviringo kamili,
ndiyo familia isiyopasuka."

Bibi Ndahani Kichina hakijui.
Anaviringa kama anakula ugali
na kila tonge analibonyeza kwa dole gumba.
"Sasa mchuzi utakaa wapi?"

Nageuza simu, itazame ukuta.

Supu inatokota. Yanapanda juu yote,
laini na yenye vishimo.

Tuko watano, matonge sita.
Wei yuko Bahi, anachimba kisima;
wiki ya pili, udongo mkavu tu.
La kwake kalichagua Bibi:
lina kishimo,
kimejaa.