Namba Ilikosa Nafasi

Wanaviita seli, nami nikasikia gereza.
Herufi juu, namba ubavuni,
mlango kwa mlango, na kila chumba kitupu
kinanikodolea macho kama mwalimu Vilnis, darasa la sita,
aliponisimamisha ubaoni na desimali zake
hadi chaki ikaloa jasho mkononi mwangu.

Naitwa Ausma. Nina miaka arobaini na sita.
Kumi na tisa kati ya hiyo nimepanga mizigo bandarini Liepāja,
najua kwa jicho tu kontena lipi litachelewa.
Sasa kampuni inataka cheti cha fedha za makampuni:
Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
ghorofa ya tatu, bomba la joto likigonga ukutani kama mdai.

Raitis, anayetufundisha, ni kijana mpole mwenye haraka.
"Rahisi," husema, na neno hilo
hunifungia mlango usoni.
"Fedha ya kesho, thamani yake leo: rahisi.
Gawanya kwa moja jumlisha riba,
ipandishe kipeo cha mwaka, buruta chini."

Naburuta.
Chini zinatiririka alama za reli, alama za reli,
treni nzima isiyo na abiria.
Gundega, jirani yangu wa dawati, karani wa benki,
ananyoosha mkono, anapanua safu kwa kidole kimoja.
"Hukukosea," ananong'ona. "Namba ilikosa nafasi tu."

Nikaenda nayo nyumbani sentensi hiyo,
upepo wa Baltiki ukinisukuma mgongoni.
Namba ilikosa nafasi tu.

Jumapili nafuma. Mpwa wangu Sanita anaolewa Septemba
na wageni wote watataka glavu.
Nafungua daftari la shangazi Zelma, la miraba,
karatasi imegeuka rangi ya chai:
mraba wenye msalaba, uzi mwekundu;
mraba mtupu, mweupe; namba za mistari
kwa penseli, ubavuni.
Ubavuni!
Sindano zikasimama.

Miaka thelathini nasoma jedwali
na hakuna aliyeniambia ni jedwali.
Ukikosea mstari wa tisa, utaona wa thelathini,
nawe utafumua, utake usitake.
Fuma, fumua, fomula:
nikacheka peke yangu, paka akaondoka.

Alhamisi, zoezi: mashine ya kufuma kitani,
euro elfu themanini, inaingiza elfu ishirini
kila mwaka, miaka mitano, riba asilimia nane.
Lahajedwali ikanipa faida ya elfu kumi na nane na ushei.
Nikaitazama kama ninavyotazama hati
ya nahodha anayetabasamu mno.
Hakuna anayelipwa hivyo kwa kitani.

Nikafumua. Mwaka wa kwanza, sawa.
Wa pili, riba imeteleza chumba kimoja chini,
imeangukia patupu, na patupu hapatozi riba.
Shangazi alikuwa na pete ndogo ya shaba,
aliivika sindano pale mchoro unapoanzia
ili asipotee. Hapa pete ni alama ya dola.
Nikaivika. Nikaburuta tena, taratibu.

Hasi mia moja arobaini na sita.
Nyekundu. Nzuri, nyekundu yangu.

"Sahihi," akasema Raitis. "Mashine isinunuliwe."
"Na muuzaji akipunguza mia mbili?"
Akanyamaza, mara ya kwanza tangu Januari.
"Jaribu."

Niligusa chumba kimoja tu
na jumla kule chini ikageuka nyeusi:
hamsini na nne.

Mtihani ni baada ya wiki tatu. Naogopa bado.
Vidole vyangu viko chini ya meza, vinahesabu.
Hamsini na nne: nadhani ndiyo saba mara nane,
au iko karibu nayo.
Sijathubutu kuuliza.