Jumatano ni Hungaria

Theluji ya Saskachewani imezika barabara.
Darlene anakaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya shaba.
"Mto gani unapasua mji mkuu?"
Corrine, mwiko mdomoni: "Danubi."
Wyatt anapima pilipili ya unga,
anapiga chafya juu ya ramani:
Rumania yote imeiva.

Wiki jana Peru iliungulia sufuriani.
Mapazia bado yananuka Andes.

Kisha kidole cha Wyatt kinapanda kaskazini,
kinaruka maziwa yasiyoandikwa majina,
kinatua kwenye visima vya mafuta.
"Na huku aliko baba, wanakula nini?"

Darlene anazima jiko.
Anafungua kopo la maharage.
Wanayala hivyohivyo, ya baridi,
kwa kijiko kimoja cha kupokezana,
na hakuna anayeulizwa mji mkuu.