Salio

Saa kumi na mbili na nusu, Tandika.
Wauza mitumba wanakunja maturubai,
na simu ya kibanda inanitetemekea mkononi:
Salio lako ni shilingi 255,255.

Nikasoma tena. Ile namba ya nchi,
tunayoitanguliza watu wa mbali wakitaka kutupigia,
imejirudia yenyewe
kama mtu aliyejiita, akajiitikia.

Tarakimu tatu zikijirudia hivyo
umeshazidisha kwa elfu moja na moja, ujue usijue,
na elfu moja na moja ukiipasua
hutoka saba, kumi na moja, kumi na tatu.
Hilo nililipata kidato cha pili kwa Mwalimu Kiwelu,
aliyeandika ubaoni kwa chaki fupi kama punje ya hindi
na hakuwahi kuomba nyingine.

Nikageuza daftari la wateja, nyuma, penye ukurasa mtupu.
Mia mbili hamsini na tano nayo ikafunguka.
Nikazipanga zote:

tatu, tano, saba,
kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba.

Hakuna iliyorukwa.
Namba tasa sita zimefuatana kama mstari wa asubuhi shuleni;
mbili tu haikufika, ile shufwa pekee yao.

Tasa. Ndivyo zinavyoitwa vitabuni.
Ndivyo ninavyoitwa na mimi Mbagala, kwa kina Shomvi,
nikishatoka mlangoni,
mama mkwe akidhani nimeshafika barabarani.
Mwaka wa tisa huu.

Basi hesabu. Kila tasa, uichukue au uiache:
mbili mara mbili mara mbili, hadi mara sita.
Vigawo sitini na vinne.
Kete za bao, kamili, bila kuazima kokoto.
Vijumlishe, namba yenyewe iache nje:
laki tatu, ishirini na tano elfu, mia tatu hamsini na tatu.
Wana wamempita mzazi.

"Dada, naweka elfu tatu."
Kijana wa bodaboda, kofia ngumu kwapani.
"Mtandao unasumbua," nikasema,
na mtandao ulikuwa umesimama mistari yote minne.
Nilitaka tu nikae nayo kidogo.
Mbu mmoja akazunguka taa.
"Bado?"
"Bado."

Akasema mtoto anaumwa, pesa inakwenda Kilosa.
Nikaweka. Nilione haya, nikaweka haraka.

252,255.

Nikaipasua na hiyo, kwa mazoea: tatu, tano,
sitini na saba, mia mbili hamsini na moja.
Vigawo kumi na sita tu, na majirani hawajuani.
Lakini tasa, zote nne.
Nikaziandika chini ya zile sita.

Kijana alikuwa bado amesimama, anasubiri ujumbe uingie,
shingo imeingia dirishani.
"Unaandika nini, dada? Madeni?"

Ukoo, nikamwambia.